Neno Waliloniita Kule Marina

Nafula mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako, baba yako yuko kazini Al Quoz, na nyumba nimeachiwa mimi na masanduku yako mawili pale mlangoni. Kesho wakati kama huu utakuwa Eldoret. Nimeketi kuandika kabla hujarudi, maana ukiwa hapa tutacheka tu, na nitasahau nilichotaka kusema.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, sweta za baridi ya kule na kumpigia shangazi yako simu kila Jumapili nimeshakuchosha nayo. Sitayarudia. Nataka kukuandikia habari ya neno moja la Kiingereza. Najua utatabasamu, kwa sababu wewe Kiingereza umekisoma darasani na mimi nimekiokota majikoni kwa watu. Lakini neno hili nimeishi nalo tangu kabla hujazaliwa, na lisingalikuwepo, huenda hata wewe usingalikuwepo. Vipande vyake umewahi kuvisikia. Leo nakupa habari yote.

Nilipofika Dubai nilikuwa nimekuzidi umri kidogo tu. Marina, ule mtaa wa maghorofa kando ya maji nilikofikia, ilikuwa bado inajengwa. Ukifungua dirisha asubuhi, kufikia saa sita meza imejaa vumbi. Niliajiriwa katika nyumba ya Waingereza, madam na sir, kumtunza mama yake madam. Huyo mama alikuwa mzee, miguu imemchoka lakini kichwa kizima kabisa. Alikuwa amefundisha Kiingereza maisha yake yote kwao, na sasa alikuwa ameletwa kukaa kwa bintiye kwa sababu kule hakuna wa kumwangalia. Nilimwita Bibi. Mwanzoni alidhani ni jina la mtu, nilipomweleza maana yake akasema niendelee.

Siku ya kwanza alinifundisha kutengeneza chai yao, kile kifuko ndani ya kikombe, maji ya moto, na tone la maziwa. Akataka na mimi ninywe. Kisha akaniuliza nimeionaje. Sasa, kwetu Bungoma nililelewa kwamba mkubwa akikuuliza hivyo, unasema nzuri na unashukuru. Sijui nini kilinipata siku ile. Nikamwambia, kwa kile Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba chai hii bado haijaiva, ni maji yaliyopita tu karibu na majani.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akaninyooshea kidole akaniambia mimi ni msichana "saucy".

Mimi nilisikia sosi, na sosi niliyoijua ilikuwa moja tu, ile nyekundu ya chupa. Nikajua nimejimwagia. Nikakimbia jikoni, nikavua aproni, nikaisugua yote kwa sabuni bila hata kutafuta doa liko wapi, nikaivaa ikiwa imelowa na kurudi kwake huku maji yakinichuruzika miguuni. Bibi aliponiuliza kuna nini, nikamwambia nimeitoa sosi. Siku ile, mwanangu, nilidhani nitamuua yule mzee kwa kicheko.

Alipotulia akaniketisha, na hapo ndipo masomo yangu yalipoanza. Alikuwa mwalimu asiye na darasa, na mimi nilikuwa na alasiri nzima. Akanieleza kwamba neno hilo kweli limetoka kwenye sosi, na sosi yenyewe, ukiifuata nyuma mpaka lugha ya Warumi, ni kitu kilichotiwa chumvi. Hapo zamani kilichoitwa hivyo kilikuwa chakula chenye ladha. Baadaye watu wakaanza kuitwa hivyo, mtu mwenye ulimi mkali, anayejibu, asiyejua mahali pake. Na wakati mwingine lilisemwa kwa mapenzi, kama alivyoniambia yeye, kwa mtu anayekuchangamsha. Nililipenda. Kwetu mama yangu aliniambia kila siku nina mdomo, na hakuwahi kucheka akilisema. Hapa nimevuka bahari, mdomo uleule unaitwa chumvi.

Nilitembea na neno langu kwa furaha kama wiki hivi.

Kisha madam akaniita. Rafiki yake alikuwa na karamu Ijumaa na alikuwa hana mtu wa kumsaidia, kwa hiyo ningeenda kwake kuosha vyombo na kupanguza nyumba. Wakati ule mapumziko ya huku yalikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku niliyoahidiwa nilipoajiriwa. Tayari mbili zilikuwa zimepita hivyohivyo, moja kwa rafiki huyu, nyingine kwa jirani. Nilikuwa sijaliona kanisa tangu nifike. Nilikuwa sijasikia mtu akizungumza Kiswahili mbele yangu, ila kwenye simu. Nikamwambia kwamba mimi nimeajiriwa kumtunza mama yake, na Ijumaa ni yangu, kwa hiyo sitakwenda. Nakiri sauti ilipanda, lakini maneno yalikuwa hayohayo, hayakuzidi.

Madam aliweka simu yake mezani. Akasema nisimletee hayo ya "saucy" nyumbani kwake.

Lilikuwa neno lilelile. Bila shaka alilirithi kwa mama yake, pengine aliambiwa yeye mwenyewe akiwa mtoto. Bibi alipolisema nilijiona mtu. Madam alipolisema nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu, ingawa tulikuwa wawili tu.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi nikamuuliza. Sikumshtaki bintiye, nilimuuliza kama mwanafunzi: inakuwaje neno moja liwe tamu asubuhi na chungu alasiri? Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa nataka uondoke nalo.

"Angalia linaangukia nani," akaniambia. "Mtoto, mtumishi, mke, mwanafunzi. Mimi nimefundisha maneno maisha yangu yote, na sijawahi kusikia bwana mkubwa akiitwa hivyo."

Akanieleza na mengine. Neno hilo lilivuka kwenda Amerika, huko matamshi yakabadilika likawa "sassy", na likawekwa mgongoni mwa watu walionunuliwa na kuuzwa. Mtumwa akijibu, akiuliza kwa nini, hata akimtazama mtu usoni, lilikuwa ndilo kosa lake, na alichapwa kwa ajili yake. Bwana akitukana kutwa nzima, hilo halikuwa na jina. Bibi aliyasema hayo bila kunitazama. Nadhani alikuwa akifikiria watoto wote aliowaita hivyo darasani.

Jioni sir aliporudi niliitwa sebuleni. Madam alikuwa ameketi, sir amesimama bado na funguo za gari mkononi. Akasema wameelezana, na hawawezi kukaa na mtu asiye na heshima ndani ya nyumba. Ama niombe radhi, ama wanitafutie tiketi ya kurudi kwetu. Nafula, nyumbani walinisindikiza kwa nyimbo. Mchungaji alinishika kichwa akaniombea. Kurudi baada ya wiki chache, na sababu iwe ni mdomo wangu, mdomo uleule ambao mama yangu alinionya kwa ajili yake tangu utotoni!

Ningeweza kusema samahani yakaisha. Kulisema ni rahisi. Lakini niliona kwamba nikiliombea radhi lote, nitakuwa nimekubali kuwa siku yangu si yangu, na kesho itakuwa kitu kingine. Nikatafuta ni lipi hasa ninaloweza kuliombea radhi kwa haki.

Nikamwambia, "Kwa kupaza sauti, naomba radhi, madam. Kwa nililosema, siombi."

Sir akaniuliza kama kweli niliahidiwa Ijumaa. Nikasema ndiyo. Akamgeukia mkewe amuulize na yeye, na madam akawa anaangalia dirishani. Yule bwana hakuwa mtu wa maneno mengi, na sitamfanya malaika hapa. Pengine alikuwa amechoka tu na alitaka kula. Akaweka funguo mezani akasema lile neno la Waarabu la kuyamaliza, "Khalas. Ijumaa ni yake." Nikarudi jikoni nikamwekea Bibi maji ya chai.

Madam hakunisemesha kwa muda mrefu, isipokuwa la kazi. Nililivumilia hilo. Ijumaa iliyofuata nilipanda basi nikaja Karama, mtaa wetu huu, nikauliza mpaka nikaonyeshwa mahali Wakenya wanapokutana baada ya ibada. Mlangoni alikuwepo kijana wa Kakamega aliyekuwa akipanga viti, akaniuliza kama mimi ni mgeni, nikamjibu kwamba sijui, inategemea yeye amekuwepo tangu lini. Akavipanga vile viti upya, kwa sababu alikuwa amesahau alikuwa amefika wapi. Huyo ndiye baba yako. Ulimi ulionipatia ile Ijumaa ndio aliouona kwanza, na nakuambia alijua anachooa.

Usije ukadhani tangu siku ile nilikuwa na busara. Ushindi ule ulinilevya. Nilianza kujibu hata nisipoulizwa. Nilimjibu mlinzi wa jengo, nikamjibu muuza mboga, siku moja nikamjibu daktari wa Bibi kabla hajamaliza sentensi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenirudi. Aliniambia sosi hutiwa pembeni ya sahani, na mimi nimeanza kuinywa kwa chupa. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona ni kweli. Mtu anayejibu kila kitu hasikilizwi na yeyote, na siku ya jambo kubwa ikifika, watu huona ni kelele zake za kila siku. Mpaka leo najifunza lini ninyamaze.

Bibi alirudi kwao mwaka uliofuata, na mimi nikaolewa nikahamia huku. Sikulifikiria neno lile tena mpaka wewe ulipokuwa kidato cha kwanza, siku ile tulipoingia duka la nguo hapa chini ukachagua fulana nyeusi yenye herufi za dhahabu kifuani: "Sassy". Nikakwambia rudisha. Ukaniuliza kwa nini, nikakwambia sitaki utembee na tusi kifuani. Ukanitazama kama unayemtazama mtu aliyepotelewa na akili. "Mama, siku hizi ni sifa," ukasema. "Maana yake ni msichana anayejiamini."

Tulirudi bila fulana, ukiwa umenuna hadi ngazi ya juu. Ndipo nilipokueleza lilikotoka, ile sosi, na Amerika. Ulikwenda kusoma mwenyewe, na siku ya tatu ukaja jikoni ukasema hujui kama bado unaitaka. Nikadhani nimeshinda. Wiki moja baadaye ukasema unaitaka tena, na sasa unaitaka zaidi, kwa sababu ya wale waliochapwa. Ulisema kama wajukuu wao wamelichukua neno na kuliandika kwa dhahabu, wewe hutalirudisha rafuni kwa sababu mama yako ameogopa. Nilishusha mwiko. Tulikwenda kuinunua kesho yake, na uliivaa mpaka ikapauka.

Sasa nifike kwa baba yako, kwa sababu najua ndilo linalokuuma, ingawa umeficha.

Unakumbuka alivyokutafutia nafasi pale ghalani kwao, kazi ya ofisini, yenye kiyoyozi na viza. Kwa mtu aliyeanza hapa kwa kubeba maboksi juani, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizoweza kukupa. Na wewe ukamwambia, tukiwa mezani, kwamba unashukuru ila unataka uuguzi, na unataka kuusomea nyumbani, mahali ambapo hakuna anayesubiri tarehe ya viza ili ajue kama bado anaishi hapo. Ulisema vizuri, hukupaza sauti. Lakini yeye alisikia kwamba maisha yake yote hapa umeyaita kungoja. Akakuita mjeuri, akaacha chakula, na tangu siku ile amekuwa akikupita sebuleni kama kiti.

Hujui kilichofuata, nami nakueleza. Nilikuwa nimekaa na Bi Zuhura wa mlango wa pili. Unamjua, wazazi wake walitoka Unguja na yeye amezaliwa huku, Kiswahili na Kiarabu vyote ni vyake. Nikamlalamikia kwamba baba Nafula amemwita mtoto mjeuri na nyumba imepoa. Akashangaa kidogo. Akaniambia hilo neno lenu la jeuri limetoka kwenye Kiarabu, na kwa Waarabu ni dhuluma, mtawala anapowaonea walio chini yake. "Sasa miye nashangaa," akasema, "vipi likaja kumwangukia mtoto."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu kwenye korido. Neno la Waingereza lilianza mezani kama chakula likashuka mpaka kwa mtumishi. Letu sisi lilianza juu kabisa, kwa mkubwa anayeonea, likateremka mpaka likakutana na lile lingine palepale, kwenye mdomo wa mtoto anayejibu. Njia mbili tofauti, na mwisho wake mtu mmoja. Bibi angelipenda sana hilo.

Baba yako aliporudi nilimpa chakula, nikamwacha ashibe. Kisha nikamweleza aliyosema Bi Zuhura, bila kuongeza langu. Nikaongeza moja tu mwishoni. Nikamwambia, "Sisemi wewe umemwonea. Nasema neno lenyewe lilikuwa la wakubwa kabla hatujampa mtoto." Akatoka akasimama kwenye kibaraza chetu kile cha kuanikia nguo, katikati ya mashuka, kwa muda mrefu. Hiyo ni wiki mbili zilizopita, na ameendelea kukupita sebuleni, lakini niliona amepunguza mwendo.

Basi mwanangu, nimefika kwenye lile ninalotaka kukuambia, na ni fupi kuliko nilivyodhani. Huko unakokwenda utaitwa majina. Shangazi zako watasema una madharau ya Dubai. Walimu watasema una mdomo. Siogopi hilo hata kidogo. Nimekuona ukisimama mezani kwa baba yako na najua utasimama popote. Wakikuita hivyo, jiulize kama ulisema kweli, na kama ulisema kwa adabu. Ulichokosea kiombee radhi, hicho tu, na kilichobaki kiache kisimame.

Ninalolifikiria zaidi ni siku utakapokuwa wewe uko juu. Utavaa sare nyeupe, mgonjwa atakuwa amelala, na aliyelala ni mdogo siku zote, hata awe mzee wa kanisa. Atauliza dawa hii ni ya nini. Atasema hataki. Mfagiaji wa wodi atakuambia jambo ambalo hukumwuliza, nawe utakuwa umechoka, na neno litakuja lenyewe ulimini: huyu ana jeuri. Siku hiyo nyamaza kidogo, uangalie kwanza wewe umesimama wapi. Huenda yeye anaitafuta Ijumaa yake.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini simu imelia nikaacha kalamu. Alikuwa baba yako. Ameomba ruhusa kwa bosi wake, amepewa kesho nzima, na tena ameazima gari la mwenzake. Anasema hutapanda teksi, atakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Nikamwambia hilo akuambie yeye mwenyewe. Akasema ataanzaje. Nikamwambia aanze popote, wewe una maneno ya kutosha mtu na baba yake.

Nikasikia mashine za kupakia zikipiga kelele nyuma yake. Kisha akasema, "Basi mwambie njiani anijibu vyovyote anavyotaka. Ila asinishukuru. Akinishukuru sitaweza kuendesha."

Nimekuambia. Lililobaki ni lako na lake.

Mama yako,
Nekesa